Tuchangiane Nauli Kabla ya Jeneza

Kila shule zinapofunguliwa mwezi wa Januari, mwanafunzi wa Kenya huweza kukisia swali la kwanza la insha atakalopewa: aeleze jinsi alivyoitumia likizo yake. Ataandika habari za nyanya yake kijijini, za maembe ya ngowe na boribo yaliyoangushwa kwa mawe, na za binamu waliotoka mjini wakaogopa ng'ombe. Mwalimu atazisahihisha insha hizo hamsini au sitini kwa kalamu nyekundu, atalalamikia tahajia na aya zisizo na mpangilio, kisha atalifunga daftari la mwisho. Hakuna amwulizaye yeye aliitumiaje yake. Nami naamini kwamba swali hilo lingeulizwa katika vyumba vyetu vya walimu, na majibu yakatakiwa kwa ukweli, wengi wetu tungebaki tukiutazama ukuta.

Naizungumzia likizo ya kiangazi. Neno lenyewe lilitutatiza tangu tulipokuwa wanafunzi. Vitabu vya Kiingereza tulivyovisoma vilijaa watoto waliofunga shule mwezi wa Julai wakaenda ufuoni kuota jua, ilhali wenzetu waliozaliwa Limuru au Nyahururu walivisoma wakiwa wamejikunyata ndani ya masweta, meno yakigongana. Agosti yetu ni kipupwe. Kiangazi chetu huanza pale mvua za vuli zinapokatika, kaskazi inapoanza kuvuma huku pwani mwezi wa Disemba, na joto likazidi kupanda hadi Machi. Wakati huo ndipo likizo ndefu inapoangukia. Ndipo mahindi yanapovunwa kule Trans Nzoia, korosho zinapookotwa Kilifi na Kwale, na kila ukoo unapowaita walio wake warudi nyumbani. Kalenda ya elimu ilipovurugwa na maradhi ya korona, Disemba ya mwaka 2021 ilitupa mapumziko yasiyofika hata majuma mawili. Mwaka 2023 muhula wa kwanza ulirejea Januari, na Disemba yetu ikarudi.

Lakini imerudi kwa nani? Mwalimu wa shule ya upili aliyeitwa na Baraza la Mitihani kwenda kusahihisha karatasi za KCSE huwa mbali na kwake siku nyingi, akilala katika bweni la shule ngeni, na anaporejea hukuta likizo imekwisha kutafunwa. Mwingine yumo katika masomo ya ziada, ambayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliyakataza wakati wa likizo, ila yenyewe hubadilisha jina tu na kuendelea. Waliosalia wana shamba, kibanda cha biashara, au pikipiki ya kusimamia. Siwalaumu. Karo ya Januari haimwonei haya mtu eti kwa kuwa yeye mwenyewe ni mwalimu.

Hata hivyo, lipo jambo moja lililo mikononi mwetu, nalo ni ule ushirika wetu wa chumba cha walimu.

Nathubutu kusema kwamba ni watumishi wachache nchini wanaojua kushikamana kama walimu. Chama chetu cha KNUT kimekuwapo tangu mwaka 1957. Walioshuhudia mgomo wa Oktoba 1997, marehemu Ambrose Adeya Adongo akiwa katibu mkuu, wanakumbuka jinsi shule za nchi nzima zilivyonyamaza. Tuna vyama vya akiba na mikopo, tuna mizunguko ya kila mwezi, na karibu kila shule ina chama chake kidogo cha maslahi, chenye mwenyekiti, katibu, mwekahazina na katiba iliyopigwa chapa. Jirani yangu mezani najua mkopo wake unamalizika mwaka gani, najua nani kamdhamini, na siku ya mshahara najua atacheka au atanuna.

Ila mshikamano huo una mipaka ya ajabu. Zichukue katiba hizo za maslahi uzisome ukurasa kwa ukurasa. Mwanachama akifiwa na mzazi, atapewa kiasi fulani. Akifiwa na mume au mke, kiasi kingine. Mtoto, hivi, mkwe, vile. Gari litakodiwa, wawakilishi watateuliwa, shada la maua litanunuliwa. Mauti yamepangiwa daraja na bei. Ukiutafuta uhai, utaupata umebanwa mahali pamoja tu, baina ya harusi na mtoto mchanga. Kundi letu la WhatsApp nalo limefuata nyayo hizo hizo: litanyamaza likizo nzima kama darasa lililofungwa, hadi litokee tangazo la msiba, hapo rambirambi zimiminike thelathini kwa dakika kumi. Kiswahili kina msemo wa marafiki wa kufa kuzikana. Sisi tumeufanya kifungu cha katiba, tukaugeuza orodha ya malipo.

Mwenzangu mmoja, mzaliwa wa Busia, alifundisha nasi hisabati huku Kilifi kwa miaka tisa. Kutoka shuleni petu hadi kwao ni zaidi ya kilomita 900, safari ya usiku na mchana ndani ya mabasi mawili, matatu. Disemba moja aliichukua familia yake, mke na watoto watatu, akafika nayo hadi kituo cha mabasi Mombasa akakuta nauli imekaribia maradufu, kama ilivyo desturi ya Krismasi. Akapiga hesabu, akawarudisha. Alimpigia mamake simu akamwahidi kwamba wangeonana Aprili. Mwezi wa Machi mama akafariki.

Siku ile chama chetu kilifanya kazi ambayo hadi leo naionea fahari. Jua lilipotua tulikuwa tumepata fedha za jeneza, gari, na chakula cha waombolezaji, na walimu kumi na mmoja tukasafiri naye. Tulipokwisha kuipita Voi, usiku, aliniegemea akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nimepiga hesabu. Gari hili lingenipeleka kumwona Disemba tatu mfululizo." Hakusema kwa lawama. Alikuwa akitaja jibu alilolipata.

Kule Busia tulipokelewa kama watu wa nyumbani, na waliotupokea walikuwa wakitujua. Ukutani mwa sebule ya marehemu palikuwa na picha ya walimu wa shule yetu, tuliyopigwa siku ya zawadi. Bibi yule alikuwa akiwaonyesha wageni nani ni nani. Ametuhifadhi ukutani mwake kwa miaka, ilhali sisi jina lake tulilisoma kwa mara ya kwanza katika tangazo la kifo chake. Wajukuu wake watatu walisimama kando ya kaburi wakiwatazama watu wazima midomo, kwa sababu nyimbo zilizoimbwa hawakuzielewa hata neno.

Yamkini utaniambia, msomaji, kwamba huo ni mkasa wa mtu mmoja. La. Kufundisha mbali na kwenu ni sehemu ya kazi hii. Mwaka 2018 Tume ya Kuwaajiri Walimu ilishika sera ya kuwatoa walimu wengi, hasa wakuu wa shule, katika kaunti zao za nyumbani, na hoja ya utangamano wa taifa ikatolewa. Siidharau hoja hiyo. Mimi mwenyewe nimefunzwa na walimu kutoka pembe zote za Kenya. Lakini utangamano wa taifa ulilipiwa na watoto walioachwa na mzazi mmoja, na na wazee waliosubiri simu. Kuanzia mwaka 2023 wengi waliruhusiwa kusogea karibu na kwao. Wengi wengine wamebaki walipo, ama kwa hiari ama kwa kukosa wa kubadilishana naye nafasi, na Disemba inapofika wao ndio utakaowakuta wakinunua mkate peke yao katika duka lililo mkabala na lango la shule.

Rai yangu ni ndogo. Shule yenye walimu thelathini, kila mmoja akitoa shilingi 100 kwa mwezi, hupata shilingi 36,000 kwa mwaka. Fedha hizo ziwe za nauli ya likizo. Zitolewe kwa zamu, kama tunavyofanya katika mizunguko yetu, tukianza na yule ambaye kwao ni mbali zaidi, na zitolewe mapema, wakati tiketi bado zina bei ya kawaida. Atakayebaki kwa sababu yoyote, wenyeji wa mahali wamwalike yeye na watoto wake kwa siku moja ya kiangazi hicho, wale wali wa nazi, wafukuzane chini ya miembe, wajuane kwa majina. Hilo la pili halihitaji hata senti.

Najua yatakayosemwa. Mwalimu ambaye kwao ni kilomita tatu kutoka shuleni atauliza kwa nini amlipie mwenzake matembezi. Jibu ni kwamba tayari anamlipia. Tofauti ni kuwa sasa hungoja hadi safari iwe ya mazishi, ambayo ni ghali mno. Atatokea pia mjanja wa kuchukua nauli ya Busia akaishia Mtwapa. Wajanja hao tunao hata katika mfuko wa misiba, na hatujaufunga kwa ajili yao. Wapo watakaoona haya kupokea, kwani tumezoea kusaidiwa tukiwa na machozi, na mtu mwenye afya na mama aliye hai huona hana haki ya kunyoosha mkono. Haya hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko ujanja, maana haina kifungu cha kuidhibiti. Dawa yake huenda ikawa ni zamu yenyewe: fedha zije tu, bila mtu kuziomba.

Nawe mwanafunzi unayeisoma safu hii, unaporudisha daftari lako la insha mwezi wa Januari, mwulize mwalimu wako nyanya ya watoto wake hajambo. Si utovu wa adabu.

Mkutano mkuu wa chama chetu cha maslahi utakuwa juma la pili la muhula. Nimekwisha kumkabidhi katibu hoja yangu kwa maandishi. Mwekahazina, mtu wa vitabu vya hesabu asiyependa mchezo, ameisoma mara mbili na akaniuliza swali moja tu: katika misiba sisi huomba kibali cha mazishi, je, huyu aliyekwenda kumwona mama yake mzima ataleta hati gani ya kuthibitisha? Nimemwambia alete tiketi ya basi, na mama akipenda, kuku.