Sarafu za Shaba za Uingereza (2): Mzani Kwanza

Juma lililopita tulianza na Mfalme Charles wa Pili, aliyetoa nusu-peni na robo-peni za shaba mwaka 1672. Leo tuingie katika kipindi ambacho mkusanyaji hakielewi asipokuwa na mzani mkononi.

Baada ya mwaka 1775 serikali iliacha kupiga sarafu za shaba. Za bandia zikazagaa, na waajiri wakakosa chenji ya kulipia vibarua. Baadhi yao wakajitengenezea zao: kampuni ya machimbo ya Parys, kisiwani Anglesey huko Wales, ilianza kutoa peni zake mwaka 1787.

Mwaka 1797 serikali ilimkabidhi kazi hiyo Matthew Boulton wa Birmingham, mwenye mitambo iliyoendeshwa kwa injini za mvuke za mshirika wake James Watt. Peni yake ilikuwa na uzito wa wakia moja kamili, hivyo peni 16 zilitimiza ratili. Sarafu ya peni mbili ilikuwa wakia mbili. Nia ilikuwa shaba yenyewe ikaribie thamani iliyotangazwa, ili mghushi asipate faida. Ukingo mpana wenye maandishi yaliyozama ulimwongezea kazi.

Lakini bei ya shaba ilipopanda, ikawa faida kuziyeyusha. Peni ya mwaka 1806 ikapunguzwa hadi gramu 19 hivi, kutoka 28. Mwaka 1860 shaba tupu ikaachwa, ikachanganywa na bati na zinki, na peni ikashuka hadi gramu 9.4. Hakuna aliyeikataa: peni 240 bado zilikuwa pauni moja. Kilichobeba thamani sasa kilikuwa neno la serikali, si uzito wa madini.

Kwa hiyo, ukiuziwa peni ya 1797, ipime kabla ya kusifu sura ya Mfalme George wa Tatu. Kuchakaa hupunguza uzito kidogo. Ikipungua mno, itilie shaka. Wala usiisugue kwa limau na majivu kama sufuria: ile rangi ya kahawia ikitoka hairudi, na bei huporomoka.

Mitambo ya Boulton ilipopigwa mnada mwaka 1850, Ralph Heaton alinunua sehemu yake. Kiwanda cha Heaton ndicho kilichopiga rupia ya Mombasa ya mwaka 1888, yenye herufi H. Tutaizungumzia juma lijalo; mwenye nayo aitunze bila kuisafisha.