Hisa kwa simu: kumbuka kisa cha paka wa Nakuru

Ukitoka Nairobi kwa matatu na kukaribia jiji la Nakuru, utingo atauliza kwa sauti kama kuna abiria wa kushuka Eveready. Mzunguko huo wa barabara ulipata jina lake kutokana na kiwanda cha mawe ya redio na tochi kilichofunguliwa mwaka 1967. Paka wa nembo yake alijulikana Molo, Subukia, Bahati hadi mashambani kabisa, na familia si haba zilisomesha watoto kwa mishahara iliyotoka humo.

Mwaka 2006 kampuni hiyo iliuzia umma hisa zake kwa Sh9.50 kila moja katika Soko la Hisa la Nairobi. Waliozitaka walizidi mno hisa zilizokuwepo. Nani angeogopa kumnunua paka aliyemlea naye? Lakini mawe ya bei nafuu kutoka ng'ambo, mengine yakiwa ya bandia, yalijaa madukani. Mwaka 2014 kiwanda cha Nakuru kikafungwa, kampuni ikabaki kuagiza bidhaa na kuziuza. Miaka iliyofuata hisa ile ya Sh9.50 ilikuja kuuzwa kwa shilingi moja na ushei.

Tumeanza na kisa hiki, msomaji, kwa kuwa siku hizi mwanafunzi wa Egerton kule Njoro anaweza kununua hisa kwa simu akingoja mhadhara uanze. Kubonyeza si kazi. Kazi ni kujua unabonyeza nini na kwa pesa zipi.

Hatua ya kwanza ni kufungua akaunti ya CDS, ambamo hisa zako huhifadhiwa kielektroniki. Mtindo huu ulianza mwaka 2004, na vile vyeti vya karatasi ambavyo wazee walivificha chini ya godoro vikaanza kupotea. Akaunti hufunguliwa kupitia wakala wa hisa au benki iliyoidhinishwa. Utatakiwa kitambulisho, nambari ya KRA, picha, na maelezo ya benki au simu ya kupokelea pesa. Wakala akikuwekea programu yake kwenye simu au tarakilishi, utatuma pesa, utachagua kampuni na kutaja bei unayokubali. Taja bei, tafadhali. Ukiacha soko likuamulie, waweza kushtuka.

Zamani ilikuwa lazima ununue hisa 100 kwa uchache katika mauzo ya kawaida. Mwaka 2025 sharti hilo liliondolewa, na sasa hata hisa moja inauzika. Ni habari njema kwa mwenye mfuko mwembamba, ila kuna ada. Kwa kawaida hukaribia asilimia mbili unaponunua, na vivyo hivyo unapouza. Muulize wakala kama ana kima cha chini. Akikutoza Sh100 kwa ununuzi wa Sh500, umepoteza moja kwa tano hata kabla soko halijatikisika. Afadhali kuweka akiba miezi mitatu ukanunua mara moja.

Faida huja kwa njia mbili, bei kupanda na gawio. Gawio la Mkenya hukatwa ushuru wa asilimia tano, kisha linalobaki hutumwa kwako. Bei nayo haina adabu. Tazama KenGen, inayofua umeme kwa mvuke wa Olkaria karibu na Naivasha. Mwaka 2006 serikali iliuza hisa zake kwa Sh11.90, na siku ya kwanza sokoni zikaruka hadi karibu Sh40. Mwishoni mwa 2023 zilikuwa kama shilingi mbili, kisha zikapanda tena mwaka 2025. Mvuke wa Olkaria haukukoma hata siku moja. Mtu aliyenunua kwa Sh40 kwa sababu jirani yake alikuwa akichekelea ana hadithi tofauti kabisa na yule aliyengoja na kusoma hesabu za kampuni, ambazo hutangazwa magazetini kila mwaka.

Kuhusu mikopo tutasema kidogo tu. Mwaka 2008 hisa za Safaricom zilipouzwa kwa shilingi tano, wengi walikopa benki ili wapate nyingi. Maombi yakazidi hisa mara tano na zaidi, kila mtu akapewa kipande na kungoja kurudishiwa zilizobaki, huku riba ikimtafuna. Mwanzoni mwa 2009 hisa hiyo ilikuwa chini ya shilingi tatu. Walioweka pesa zao wenyewe walivumilia, na mwaka 2021 ikapita Sh40. Waliokopa wengi wao hawakuwa na subira hiyo ya kuvumilia. Karo ya muhula ujao pia isiguswe.

Wakala naye achunguzwe. Mwaka 2008 kampuni ya Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya usimamizi maalum, na hazina ya fidia ina kikomo cha Sh50,000 kwa kila mwekezaji. Orodha ya walioidhinishwa hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Anayekuita kwenye kundi la simu na kukuahidi faida ya kila wiki hayumo humo. Nambari yako ya siri usimpe mtu.

Lakini mweleze mke au mume wako kwamba una hisa, na wakala wako ni nani. Gawio lisilodaiwa kwa miaka hupelekwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, na jamaa huhangaika kulifuata Nairobi baada ya matanga.

Soko hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, likifungwa saa tisa alasiri. Hisa zilizonunuliwa Jumatatu huingia katika akaunti Alhamisi. Siku hiyo fungua simu uhakikishe zimo, na kwamba idadi ni ile uliyolipia.