Pindo la Bendera

Siku moja nilimpelekea fundi cherehani bendera ya Tanzania iliyochanika. Aliikunjua mezani, akapitisha ukucha juu ya ule mlia mwembamba wa njano, akasema: "Kitambaa chenyewe kizima, kaka. Kilichoachia ni pindo." Nilitoka pale na furaha asiyoijua. Miaka mingi nilikuwa nikitafuta jina la Kiswahili la mlia huo, kumbe liko kwenye kanga.

Kanga ina mji, ina pindo, ina jina. Ngao ya taifa nayo ina uwanja wake katikati, wakati mwingine ina mapindo, na chini yake hukaa maneno: Uhuru na Umoja kwa Tanzania, Harambee kwa Kenya. Mtu aliyezoea kuisoma kanga ana nusu ya msamiati anaouhitaji kuieleza ngao au bendera.

Nusu nyingine ilitoka Ulaya. Katika karne ya 12 mashujaa wa huko walianza kuchora alama za ukoo kwenye ngao, na kwa kuwa kofia za chuma zilificha nyuso, alama hizo ziliwatambulisha vitani na kwenye mashindano. Wapiga mbiu wao walijifunza kuzieleza kwa maneno matupu, bila picha, kwa namna ambayo mchoraji wa mji mwingine angezichora upya bila kukosea. Maelezo ya aina hiyo ndiyo yanayotambulisha ngao hadi leo. Mchoraji mmoja aweza kumnenepesha simba, mwingine akamkondesha. Maadamu maneno yamefuatwa, ngao ni ileile.

Chukua ngao iliyo kwenye nembo ya Kenya. Maelezo yake rasmi yameandikwa kwa lugha ya kale iliyojaa maneno ya Kifaransa. Kwa Kiswahili yangesomeka hivi: uwanja umegawanywa kwa mlalo, juu mweusi, chini kijani, juu yake umelazwa ukanda mwekundu wenye mapindo meupe, ndani ya ukanda yumo jogoo mweupe aliyeshika shoka jeupe kwa kucha za mguu wa kulia.

Mimi na wewe tungesema tu kwamba ngao ina milia mitatu. Mtaalamu huanza na kilicho chini kabisa, kisha hupanga kimoja juu ya kingine kama mtu atandikaye kitanda. Ndiyo maana kwake nyeusi na kijani ni uwanja, na nyekundu ni kitu kilichowekwa juu ya uwanja.

Angalia pia neno "kulia". Katika fani hii, kulia kwa ngao ni kulia kwa aliyeibeba kifuani, si kwako unayemtazama. Upande ulio kushoto kwako ndio kulia kwa ngao. Hapa wanafunzi wengi hujikwaa.

Turudi kwenye pindo, maana ndilo linalonigusa zaidi. Wataalamu wa ngao hugawa rangi makundi mawili. Njano na nyeupe huitwa madini, kwa sababu husimama badala ya dhahabu na fedha. Nyekundu, buluu, kijani, nyeusi na zambarau ndizo rangi. Kanuni yao ya zamani ni kwamba rangi haikai juu ya rangi, wala madini juu ya madini. Sababu ni macho: nyeusi ikipakana na buluu, mtu aliye mbali huona kiza kimoja. Rangi mbili zikilazimika kukutana, huwekewa pindo la madini katikati.

Sasa itazame bendera ya Kenya: nyeusi, nyekundu, kijani, zote rangi, na kati yake mapindo meupe. Ya Tanzania ina kijani, nyeusi na buluu, na mapindo ya njano kandokando ya ukanda mweusi. Shuleni tulifundishwa kwamba nyeupe hiyo ni amani na njano hiyo ni utajiri wa madini. Ni kweli, na tuendelee kuwafundisha watoto hivyo. Lakini waambiwe pia kazi ya pindo, maana kazi hiyo inaonekana kwa macho saa yoyote bendera ikiwa juu.

Kwa bendera kuna jambo moja la ziada. Bendera hufuata upepo, kwa hiyo kushoto na kulia kwake hubadilika kila inapogeuka. Kisichohama ni mlingoti. Basi tuseme "upande wa mlingoti" na "upande unaopepea". Bendera ndogo ya Muungano iliyomo katika bendera ya Zanzibar tangu 2005 iko pembe ya juu, upande wa mlingoti. Nyota ya bendera ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyoanza kutumika 2006, iko pembe hiyohiyo, na ukanda wake mwekundu wenye mapindo ya njano unapanda kimshazari kama ule wa Tanzania.

Nimeshaona kuta kadhaa ambapo ukanda wetu umechorwa ukishuka badala ya kupanda. Ukipewa kazi hiyo, weka mlingoti kushoto kwa mtazamaji. Kijani kikae juu, kando ya mlingoti. Buluu chini, upande unaopepea. Ukanda mweusi uanzie pembe ya chini ya mlingoti, ukipanda hadi pembe ya juu ya upande unaopepea. Na pindo la njano usilisahau, huku na huku.