Tufuge njiwa, tutunze na mapafu yetu



Mwezi huu tuzungumze juu ya njiwa. Huenda ukajiuliza: ukurasa wa afya na njiwa, wapi na wapi? Soma mpaka mwisho, hasa kama unalo kasha la njiwa chini ya paa la nyumba yako.

Miaka michache iliyopita, katika wodi ya wanaume ya hospitali yetu alilazwa mzee mmoja, fundi seremala. Alikuwa na kikohozi kikavu, homa za alasiri na kukosa pumzi, naye alikuwa amekonda sana. Watu wa kwao walikwisha kuamua kwamba ni kifua kikuu. Tulipima makohozi yake zaidi ya mara moja, hatukuona vijidudu vya ugonjwa huo. Baada ya siku nne au tano wodini alianza kupata nafuu, akala vizuri, akatembea hadi bustanini. Tukamruhusu. Wiki mbili hazikuisha, akarudi katika hali ileile. Tukamlaza tena, akapata nafuu tena, tukamruhusu tena.

Alipolazwa mara ya tatu alinitania nilipokuwa namtandikia kitanda: "Sista, kitanda chenu hiki kina dawa. Nikilala hapa napona, nikilala kwangu naumwa."

Maneno yale yalinishtua. Nikamwuliza swali ambalo tulipaswa kumwuliza siku ya kwanza: "Baba, kwani kwako unalala wapi?"

Akacheka, akasema, "Nalala chini ya njiwa wangu arobaini, mama. Nimewafuga tangu nikiwa kijana." Makasha yao yalikuwa juu ya boriti za chumba chake cha kulala, na kila asubuhi alifagia kinyesi chao kwa ufagio mkavu. Daktari alipopata habari hiyo, akaitazama upya picha ya kifua, ndipo ugonjwa ukajulikana. Mzee alikuwa anaumwa kwa sababu ya vumbi la njiwa wake.

Nitarudi kwa mzee huyu. Kwanza tumfahamu njiwa mwenyewe, maana si nia yangu kuwatia watu hofu wakawachinje njiwa wao wote.

NJIWA NI NDEGE WA NAMNA GANI

Njiwa ni ndege mpole na msafi kama akitunzwa. Dume na jike wakishazoeana hukaa pamoja kwa muda mrefu, mara nyingi maisha yao yote. Jike hutaga mayai mawili, na wote wawili huyaatamia kwa zamu: dume hukaa mchana, jike hukaa kuanzia alasiri, usiku kucha, hadi asubuhi. Mayai huanguliwa baada ya siku 18 hivi. Katika siku za mwanzo makinda hulishwa uji mzito wa manjano, ambao hutengenezwa ndani ya kifuko cha shingoni cha wazazi. Jambo la ajabu ni kwamba baba naye hutoa uji huo kama mama. Makinda hutoka kiotani wakiwa na umri wa mwezi mmoja au zaidi kidogo.

Kwa mtoto, kufuga njiwa ni shule nzuri. Hujifunza kuamka mapema, kujaza maji, kuhesabu siku za mayai na kuwajibika kwa kiumbe kisichoweza kusema. Kwa hiyo tuwafuge, lakini tuwafuge kwa akili.

BANDA NA CHAKULA

1. Banda liwe peke yake, mbali na vyumba vya kulala, jiko na kisima. Lisiwe darini, wala barazani, wala juu ya dirisha la chumba. Angalia upepo: utoke upande wa nyumba kwenda bandani, si kutoka bandani kuja nyumbani.

2. Banda liinuliwe juu ya nguzo, na kila nguzo izungushiwe kipande cha bati laini, ili paka, kicheche na nyoka wasipande. Liwe kavu, lipitishe hewa na lipate jua la asubuhi.

3. Kila jozi ipate kasha lake, lenye upana wa sentimita 60 hivi, na lenye nafasi ya viota viwili. Jike huweza kutaga tena kabla makinda wa kwanza hawajaondoka. Njiwa wakibanana hupigana, huvunja mayai na huambukizana magonjwa.

4. Njiwa mmoja hula nafaka kiasi cha gramu 30 hivi kwa siku. Mchanganyie mtama, uwele, mahindi yaliyovunjwa, na kunde au choroko. Usimpe nafaka iliyoota ukungu. Mwekee pia changarawe ndogo ndogo na maganda ya mayai au ya konokono yaliyopondwa. Njiwa hana meno. Changarawe humsaidia kusaga chakula tumboni.

5. Maji yawe safi na yabadilishwe kila siku. Njiwa hanywi kama kuku kwa kuinua kichwa. Huzamisha mdomo na kufyonza. Chombo kiwe na kina cha kutosha. Mara moja kwa wiki mpe beseni la maji aoge. Atafurahi, na vumbi la manyoya yake litapungua.

6. Njiwa wageni watengwe wiki mbili au tatu kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

VUMBI LA NJIWA NA MWILI WA BINADAMU

Kinyesi kikiwa kibichi hakiruki. Hatari kubwa huanza kikikauka na kuwa unga, kisha mtu akaufagia na kuuvuta puani. Manyoya ya njiwa nayo hutoa unga mweupe mwepesi sana. Magonjwa yafuatayo yafaa yajulikane.

Kwanza ni ugonjwa wa mapafu wa wafuga ndege, ndio uliompata mzee wetu. Huu hauletwi na vijidudu na hauambukizi. Mapafu ya watu wengine hulikataa vumbi la ndege na kuvimba. Baada ya muda wa saa 4 hadi 8 tangu kuvuta vumbi, mtu hupata homa, baridi, kikohozi na kubanwa kifua. Akikaa mbali na njiwa hupata nafuu. Akirudi, huugua tena. Wengine hawapati homa ya ghafula, bali huishiwa pumzi polepole na kukonda kwa miezi au miaka. Ndiyo maana hudhaniwa kuwa na kifua kikuu. Wasipoacha kulivuta vumbi hilo, mapafu huingia makovu yasiyofutika.

Pili ni kuvu iitwayo kriptokokasi. Mwaka 1955 mtaalamu Mmarekani, Chester Emmons, aliandika jinsi alivyoikuta kwenye viota na kinyesi cha njiwa. Njiwa mwenyewe haimwugui, maana mwili wake una joto kali kuliko wetu. Hukaa pia kwenye udongo na miti, hivyo hata asiyefuga njiwa huweza kuivuta. Wenye afya wengi hawadhuriki. Lakini kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, hasa mwenye VVU ambaye hajaanza dawa au ameziacha, kuvu hii hupanda hadi kwenye utando wa ubongo na huweza kumwua. Dalili zake ni kichwa kuuma kwa siku nyingi na kuzidi, homa, kutapika, shingo kukakamaa, macho kuona ukungu, na kuchanganyikiwa. Mtu huyo asipewe panadoli tu na kuambiwa alale. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Tiba ipo, nayo husaidia zaidi ikianza mapema.

Tatu ni ile iitwayo homa ya kasuku, ambayo njiwa pia huweza kuambukiza. Huleta homa, kichwa kuuma na kichomi. Hutibiwa kwa dawa kama doksisaiklini, lakini lazima mtabibu aambiwe kwamba mgonjwa anakaa na ndege.

Nne ni magonjwa ya kuhara, ambayo hupatikana kwa mikono isiyooshwa, hasa ya watoto.

NAMNA YA KUSAFISHA BANDA

Ukumbuke neno moja: LOWESHA. Usifagie kinyesi kikavu hata siku moja.

- Watoe njiwa nje kwanza.
- Jifunge barakoa nzuri. Kitambaa cha kawaida huzuia kidogo tu.
- Nyunyizia maji yenye sabuni taratibu mpaka kinyesi kilowe chote, ndipo ukikwangue kwa koleo au kibao.
- Kifukie shimoni au kiweke kwenye mboji na ukifunike kwa udongo.
- Osha nawa mikono kwa sabuni, vua nguo ulizofanyia kazi ukiwa nje, na uzifue.
- Safisha kila wiki. Kinyesi kidogo huondoka upesi. Cha mwaka mzima ni hatari.

Kazi hii asipewe mtoto mdogo, mama mjamzito, mwenye pumu, wala mwenye kinga dhaifu. Mtu anayeishi na VVU akitaka kufuga njiwa, azungumze kwanza na wahudumu wa kliniki yake, na kusafisha amwachie mwingine.

Haya yahusu makanisa yetu pia. Njiwa hupenda darini na kwenye minara ya kengele. Vijana wa jumuiya wanapopanda kusafisha kwa ajili ya sikukuu, wasipande na mafagio tu. Wapande na ndoo za maji na barakoa.

Tena, kama unakinga maji ya mvua na njiwa wanatua juu ya paa lako, acha mvua ya kwanza ioshe bati kabla ya kuelekeza maji tangini. Maji ya kunywa yachemshwe.

NJIWA AKIUGUA

Njiwa mgonjwa hujikunyata, huvimbisha manyoya na kuacha kula. Shingo ikimpinda au akizunguka-zunguka, yaweza kuwa mdondo, ambao wengine huuita kideri, na kuku wako nao wamo hatarini. Wachanjwe kwa ratiba ya afisa mifugo. Utando wa manjano mdomoni ni ugonjwa unaoenea kwa maji ya kunywa ya pamoja. Vinundu kwenye macho, mdomo na miguu ni ndui ya ndege, ambayo huenezwa na mbu. Mtenge mgonjwa na umwite afisa mifugo. Usimpe njiwa dawa ya binadamu kwa kukisia.

MZEE WETU

Sasa nirudi kwa fundi seremala. Daktari alipomweleza kwamba lazima aachane na njiwa, alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Hata kuwatazama, mama?" Nikamjibu, "Kuwatazama kwa mbali ruhusa, baba. Kuwashika na kulala nao, hapana." Mpwa wake akaja na matenga akawachukua wote. Makasha yakabomolewa, boriti zikaoshwa, chumba kikapakwa chokaa. Homa na kikohozi vikaisha. Lakini pumzi yake haikurudi yote, kwa kuwa sehemu ya mapafu ilikwisha kuingia makovu. Leo hawezi kupiga randa kutwa kama zamani.

Naandika haya nikijua kwamba nasi wauguzi tulichelewa kuuliza. Kwa hiyo nakuomba, ndugu msomaji, ukienda zahanati au hospitali kwa kikohozi kisichokwisha, usingoje kuulizwa. Sema: "Nyumbani nina njiwa," au kuku, au popo darini. Ueleze pia kama unapata nafuu ukiwa safarini na kuugua ukirudi. Maneno hayo machache yangemwokolea mzee wetu pumzi yake.

Kinga ni bora kuliko tiba. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.