Nani Hasa Hulipia Gazeti?

Wengi hudhani kuwa gazeti huishi kwa senti za msomaji. Fikra hiyo haina budi isahihishwe kwanza, maana bila ya hivyo hatutaelewa jinsi mitandao ya kijamii ilivyoyayumbisha magazeti ya nchi za kibepari. Gazeti la kibiashara huuza bidhaa mbili kwa pamoja: humuuzia msomaji habari, na humuuzia mfanyabiashara macho ya msomaji huyo huyo. Bei ya nakala kwa kawaida haitoshi kulipia karatasi, wino, mitambo, usafirishaji na mishahara. Pengo huzibwa na matangazo.

Facebook, iliyoanzishwa mwaka 2004, iliiteka bidhaa hiyo ya pili bila ya kununua hata bunda moja la karatasi. Habari, picha na porojo huletwa na watumiaji wenyewe pasipo ujira, na kila wanapogusa simu hujieleza umri, makazi na mapendeleo yao. (Neno "bure" hapa lichunguzwe sana.) Mfanyabiashara aliyekuwa akilipia ukurasa mzima pasipo kujua nani ameusoma, sasa huwalipia wale anaowataka tu.

Marekani yatupa ushahidi. Kwa makadirio ya Pew Research Center, mapato ya matangazo ya magazeti yalipita dola bilioni 49 mwaka 2005. Mwaka 2020 hayakufika bilioni 9, yakazidiwa kwa mara ya kwanza na fedha za wasomaji. Si kazi ya mitandao ya kijamii peke yake: matangazo madogo madogo ya kazi na nyumba yalikwisha hamia kwenye intaneti, na Google nayo ilichukua fungu nono. Lakini Meta, mwenye Facebook, mwaka 2023 ilipata zaidi ya asilimia 97 ya mapato yake kwa matangazo. Kwa hiyo anayedai kuwa magazeti yanafilisika kwa sababu watu hawasomi, hajalitazama suala la umilikaji.

Kanada ilijaribu kulikabili. Sheria yake ya mwaka 2023 ilitaka makampuni hayo yavilipe vyombo vya habari. Google ilikubali kutoa dola milioni 100 za Kanada kwa mwaka. Meta ilikataa, na Agosti 2023 ikaanza kuwafungia habari watumiaji wake nchini humo. Magazeti madogo ya mijini, yaliyozoea kuwafikia wasomaji kupitia Facebook, yakakosa malipo na yakakosa njia pia.