Tabo ya Gari Lako: Je, Ni ya Madini au Kauri?

Katika maduka ya vipuri kwenye barabara ya Kirinyaga, jijini Nairobi, tabo kuukuu kutoka Japani hutafutwa sana na wenye magari. Kwa macho ya mnunuzi wa kawaida zote ni sawa: vyuma vyenye kutu na masizi. Hata hivyo, ndani ya kila moja mna gurudumu dogo ambalo likivunjika, mwenye gari huenda akagharimika mara mbili: tabo kwanza, kisha injini.

Tabo ni kifaa kinachotumia nguvu za moshi wa injini kusukuma hewa zaidi ndani ya injini hiyo hiyo. Moshi huzungusha gurudumu lenye mapanga kama ya feni. Nalo, kwa kupitia mhimili mwembamba, huzungusha gurudumu la pili linalovuta hewa. Hilo la pili kwa kawaida ni la aluminiamu. La kwanza ndilo lenye mateso. Huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huku likipigwa na moshi ambao katika injini za petroli hufikia nyuzi 950 za selisiasi. Aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660, hivyo haiwezi kustahimili hapo.

Basi gurudumu hilo hutengenezwa kwa nini? Magari mengi hutumia mchanganyiko wa madini ambao sehemu yake kubwa ni nikeli. Huo ni mgumu na huvumilia joto, lakini ni mzito. Ndipo Wajapani wakajaribu kauri. Mwaka wa 1985 kampuni ya Nissan ilitoa Fairlady Z yenye gurudumu la kauri, kisha Skyline GT-R ya 1989 ikafuata mtindo huo. Uzito wa kauri hiyo haufiki nusu ya ule wa nikeli, kwa hiyo tabo huamka upesi dereva akanyagapo mafuta. Aina ya tatu ni mchanganyiko wa titani na aluminiamu, ambao ni nadra na hupatikana katika baadhi ya Lancer Evolution.

Kauri ina kasoro yake. Kama kikombe, haipindi bali huvunjika. Kipande kidogo cha plagi kikiipiga, au fundi akiongeza nguvu za tabo kupita kiasi, gurudumu huweza kupasuka au kung'oka kwenye mhimili. Mafuta ya injini nayo huanza kumwagika kwenye bomba la moshi. Dereva asipozima gari mapema, injini itakauka mafuta na kukwama.

Sumaku hudanganya

Wako wanaoamini kwamba sumaku isiponata, gurudumu ni la kauri. Hilo si kweli. Ingawa nikeli tupu huvutwa na sumaku, mchanganyiko unaotumika katika tabo hauvutwi. Titani na kauri pia hazivutwi. Kinachonata ni mhimili, kwa sababu ni wa feleji.

Njia bora ni mita ya umeme ya fundi. Tabo ikiwa imefunguliwa na imepoa, panguseni masizi yote, kwani masizi nayo hupitisha umeme. Wekeni ncha moja ya mita kwenye nati iliyo mwisho wa mhimili, na ya pili kwenye panga la gurudumu la moshi. Umeme ukipita, hilo ni la madini. Usipopita, ni kauri.

Macho nayo husaidia. Kauri iliyosafishwa huwa ya kijivu cheusi, isiyo na mng'aro wa chuma. Msiigonge wala kuikwaruza kwa tupa, maana alama ndogo tu inaweza kuwa mwanzo wa ufa.

Kutofautisha nikeli na titani ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa zote hupitisha umeme. Hapo gurudumu likishatolewa hupimwa kwa mizani: la titani lina takriban nusu ya uzito wa la nikeli lenye ukubwa sawa.

Jina la gari pekee halitoshi. Toyota Supra ya 1993 iliyouzwa Japani ilikuwa na magurudumu ya kauri, lakini iliyopelekwa nchi za nje ilikuwa na ya madini. Namba iliyo kwenye kibati cha tabo ni mwongozo mzuri, ingawa tabo iliyowahi kufunguliwa huenda imebadilishwa vya ndani.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujatoa pesa zako, mwombe muuzaji aipime tabo mbele yako. Ikiwa ni ya kauri na haina ufa, bado itakufaa, mradi usimruhusu fundi kuiongezea nguvu. Kuuliza si ujinga.