Kupotewa na maneno si kupotewa na akili

Katika jamii zetu, mzee akianza kukwama katikati ya sentensi, au akiita kijiko “kile kitu cha kulia”, hukumu hutolewa upesi. Wapo watakaosema amelewa, wapo watakaosema uzee umemla akili, na wapo watakaonong'ona kwamba pana mkono wa mtu. Ni nadra kumsikia anayeuliza swali ambalo mwanaisimu angelitanguliza: je, kilichopungua ni akili au ni lugha peke yake?

Swali hili si geni. Mnamo mwaka wa 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alikutana na mgonjwa aitwaye Leborgne ambaye kwa takriban miaka 20 hakuweza kutamka ila “tan”. Hata hivyo, alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, Broca aliutazama ubongo wake akaona jeraha upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Tangu hapo vizazi vya wanafunzi vimefunzwa kwamba usemi una makao yake pale. Mwaka wa 1874, Mjerumani Carl Wernicke aliongeza sehemu ya nyuma inayohusika na uelewa, akashikilia kwamba sehemu hizo mbili hutegemea njia zinazoziunganisha.

Hoja hiyo ya njia ndiyo iliyokuja kupata uzito. Ubongo wa Leborgne ulihifadhiwa, na mwaka wa 2007 watafiti walichapisha picha zake zilizopigwa kwa mashine ya sumaku. Ilibainika kwamba jeraha lilizama ndani kuliko Broca alivyoona kwa macho, hata likaharibu nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele na ya nyuma.

Nyuzi hizo ni sehemu ya kile kiitwacho maada nyeupe. Seli za ubongo, zilizo katika maada ya kijivu, hupelekeana ujumbe kwa nyuzi ndefu zilizovikwa ala ya mafuta iitwayo mayelini. Mafuta hayo huzipa nyuzi weupe wake, na ndiyo huuwezesha ujumbe kwenda kwa kasi. Tuseme maada ya kijivu ni miji na maada nyeupe ni barabara. Mji waweza kuwa salama, lakini daraja likivunjika, mizigo haifiki.

Mwaka wa 1982, daktari Marsel Mesulam wa Marekani alieleza habari za wagonjwa sita waliokuwa wakipoteza lugha kidogo kidogo, ilhali uwezo wao mwingine wa akili ulibaki kwa muda mrefu. Hawakuwa wamepatwa na kiharusi. Maradhi hayo, ambayo twaweza kuyaita afasia inayozidi polepole, ni aina ya dimenshia ambayo huanzia katika lugha.

Mwaka wa 2011 wataalamu walikubaliana kuyagawa katika aina tatu. Katika ya kwanza, mgonjwa husema kwa taabu na sarufi yake huvurugika. Katika ya pili, husema kwa ufasaha lakini maana za maneno humtoka: simba huwa “mnyama”, kisha “kitu”. Katika ya tatu, hutafuta maneno asiyapate na hushindwa kurudia sentensi ndefu.

Siku hizi zipo picha zinazofuata jinsi maji yanavyotembea ndani ya ubongo. Nyuzi zikiwa nzima, maji hufuata mkondo wake. Zikiharibika, hutawanyika ovyo. Picha hizo zimeonyesha kwamba, kwa jumla, aina ya kwanza huharibu zaidi njia za juu zinazohusika na utamkaji na sarufi, nayo ya pili njia za chini zinazohusika na maana. Fauka ya hayo, uharibifu huo waweza kuenea kupita sehemu za maada ya kijivu zinazoonekana kusinyaa.

Je, haya yanatuhusu vipi sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili? Yanatuhusu sana. Vipimo vingi vya maradhi haya vilitungwa kwanza kwa wasemaji wa Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya. Msemaji wa Kiingereza aliyeharibikiwa na sarufi huweza kudondosha viambishi vya mwisho, na kinachobaki bado ni neno. Kiswahili hakiruhusu hivyo kwa urahisi. Ukiondoa viambishi katika “vikombe vidogo vimevunjika”, hubaki mashina ambayo mengi hayawezi kusimama peke yake. Yamkini basi mgonjwa wetu hatadondosha viambishi bali atavichanganya, aseme “vikombe wadogo imevunjika”.

Hapa ndipo penye hatari. Wakenya wengi wasiougua lolote husema hivyo kila siku, kwa kuwa Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Daktari atajuaje kama anasikia maradhi au Kiswahili cha bara? Hawezi kujua asipouliza mgonjwa alivyokuwa akisema zamani, asipompima pia katika lugha ya mama, na asipokuwa na maelezo ya kiisimu ya lugha zetu. Maelezo hayo ni kazi yetu, si ya daktari.

Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Sidai kwamba walikuwa na maradhi haya. Nasema tu kwamba katika nchi ambamo mzee aweza kuuawa kwa kushukiwa, kila tabia ya uzeeni inayoweza kuelezwa na sayansi yapasa kuelezwa hadharani.

Tiba ya kuyakomesha maradhi haya haijapatikana, lakini mazoezi ya usemi yakianza mapema humsaidia mgonjwa kuyatumia vyema maneno aliyobaki nayo. Mwalimu anaweza kuwaeleza wanafunzi, nao wakawaeleza walio nyumbani: mzee anayetafuta maneno apewe muda, aulizwe maswali ya ndiyo au la, aonyeshwe vitu, na apelekwe hospitalini. Zaidi ya yote, asizungumziwe mbele yake kana kwamba hayupo, kwa maana huenda anaelewa kila neno.